Stargate ilituacha kwenye mataa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu Stargate, maana kila watu wakipanga orodha za tamthilia bora za anga na sayansi hii inatajwa juu juu kwamba eti "iliisha 2011". Haikuisha jamani, ilikatwa, na mie mpaka leo roho inaniuma.

Kwa wasioijua, ilianza na sinema ya 1994, lile duara kubwa lililofukuliwa Misri ambalo ukipiga anwani linakufungulia njia hadi sayari nyingine, halafu 1997 ikaja SG-1 kwenye tivii ikaenda sizoni 10, ikazaa Atlantis sizoni 5, ikazaa Universe sizoni 2 tu. Jumla ni episodi 354, na toka 1997 mpaka 2011 haukupita mwaka bila Stargate mpya. Yaani kuna watoto walianza kuitazama wako shule ya msingi wakamaliza wana kazi zao.

Na utamu wake wala haukuwa mabomu. Ni lile duara linavyozunguka, alama inafunga, ya pili, ya tatu, yule sajenti wa kwenye kompyuta anazitangaza moja moja kwa sauti ya kikazi kabisa kama mtu anayesoma mita, ikifika ya saba kitu cheupe kinachomoka mbele kwa nguvu kisha kinarudi ndani na kutulia wima, unaweza kupita. Alama saba unazunguka ndani ya galaksi yetu, nane unavuka kwenda galaksi nyingine. Ya tisa je? Ilikuwepo pale kwenye duara tangu ile sinema na haina kazi, mashabiki tukawa tunabishana wee, mpaka 2009 Universe ilipokuja kutuambia kwamba inakupeleka kwenye meli ya kale inaitwa Destiny, iko mbali kiasi kwamba kurudi nyumbani ni shida. Miaka 15 ya kusubiri jibu la alama moja, tukalipata, sizoni mbili tu wakazima taa!

Sikatai kwamba kila kitu kina mwisho. SG-1 iliisha 2007 na sikulia, episodi ya mwisho wanajipanga mbele ya lango wanataniana kwa misemo, Teal'c, mmoja wa timu, anatoa lile neno lake moja, wanaingia kazini kama kawaida, na mwaka uliofuata tukapewa filamu ya kufunga ile vita na maadui wao Ori iliyokuwa inaning'inia. Hiyo ndo heshima. Atlantis wao mji mzima ukaruka ukatua baharini karibu na San Francisco, timu imesimama barazani inatazama daraja, sawa, ilikuwa haraka haraka lakini angalau walifika mahali. Filamu yao iliyosemwa itakuja haikuja.

Sasa Universe. Meli imezingirwa na madroni, chakula hakitoshi, wanaamua wote walale kwenye makasha ya kugandisha miaka mitatu ili meli ivuke kwenda galaksi inayofuata bila kusimama. Kasha moja bovu. Eli, yule kijana mcheza gemu aliyeokotwa kwa sababu tu alifumbua fumbo lililofichwa kwenye gemu, anabaki macho peke yake, ana wiki mbili za kulitengeneza kabla hewa haijawa shida. Anasimama dirishani, anatabasamu, meli inashika kasi. Basi! Alilitengeneza? Waliamka? Hatujui, na waandishi wenyewe hawakuwa wanaandika mwisho, walikuwa wanaandika mapumziko ya kati ya sizoni.

Najua majibu yatakayokuja. Watasema Universe ilikuwa na giza mno na watu wake wanagombana kila saa, na ni kweli ile nusu ya kwanza ilinichosha hata mie. Watasema watazamaji walipungua. Walipungua ndiyo, ila stesheni nayo iliitoa Ijumaa ikaipeleka Jumanne, baadaye Jumatatu, sasa hapo mtazamaji akufuate mpaka lini? Na MGM, studio yenye Stargate, Novemba 2010 ilikuwa mahakamani kwa kufilisika, tangazo la kuikata likatoka Desemba hiyohiyo. Biashara naielewa. Nisichoelewa ni kula ng'ombe mzima wa episodi 354 halafu ushindwe mkia, maana filamu moja ya saa mbili ingetosha kabisa na watu walikuwa tayari kuinunua.

Ombi langu Mhariri ni dogo. Ukurasa wa burudani ukitupendekezea tamthilia ndefu, andikeni pembeni kama ilimalizwa au ilikatwa, neno moja tu, kwa sababu mtu anatoa miezi ya jioni zake hapo. Kwa Universe andikeni ilikatwa, na bado mtu aitazame, zile episodi 10 za mwisho ndo bora kuliko zote zilizotangulia, ila aingie akijua.

Ni mimi,
Shabiki wa siku nyingi