Vita Baridi vikikaribia, dishi za Ngomeni ziwe na daftari

Kwa Mhariri,

Mjadala wa kama Vita Baridi vimerudi unaendeshwa kwa kunukuu hotuba: Washington imetisha, Moscow imejibu, Beijing imekasirika. Mara ikichomekwa methali ya fahali wawili na nyasi, basi, mada imefungwa. Lakini hotuba kali zilikuwapo hata miaka ya mapatano. Cha kutazama ni kama mahasimu bado wanahesabiana silaha. Wakiacha, hata dishi za kuzungumza na setilaiti kule Ngomeni, karibu na Malindi, zinaguswa.

Mkataba wa New START, uliotiwa saini Prague tarehe 8 Aprili 2010, uliiwekea Marekani na Urusi kikomo cha vichwa vya nyuklia 1,550 vilivyo tayari kutumika kila mmoja, pamoja na makombora na ndege 700 za kuvibeba zilizo tayari. Kila upande uliruhusiwa kukagua mara 18 kwa mwaka. Wakaguzi walifika kambini kwa taarifa fupi, wakachagua wenyewe kombora la kutazamwa, nalo likafunuliwa upande wa mbele. Vichwa vilivikwa vifuniko ili siri ya umbo lake isitoke. Kazi yao ilikuwa kuhesabu vingapi vipo na kulinganisha na orodha waliyopewa. Hesabu hiyo ilikuwa na mianya yake: ndege nzito ya mabomu ilihesabiwa kichwa kimoja tu, hata kama ina uwezo wa kubeba vingi.

Ukaguzi ulisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, na haukurejea. Februari 2023 Urusi ikasitisha ushiriki wake. Mkataba wenyewe ulikuwa umeongezewa muda mwaka 2021 hadi 5 Februari 2026, na kifungu chake hakikuruhusu zaidi ya hiyo miaka mitano. Ule wa 1987 wa makombora ya masafa ya kati ulishakufa tangu Agosti 2019, na China haikuwa ndani ya wowote kati ya hii miwili. Kwa hiyo wanaouliza kama hali itaharibika wamechelewa kuuliza.

Sasa tuje huku kwetu. Watu wengi wa Malindi wanakijua kituo cha Waitaliano kule Ngomeni kama mahali pa roketi. Kweli, kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout, zilizotengenezwa Marekani, zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika Ghuba ya Ungwana. Mojawapo ilibeba setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: tuko karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki huipata kasi hiyo bure, na vipande vyake huanguka baharini.

Roketi ziliisha, dishi zikabaki, na hizo ndizo zenye uzito leo. Setilaiti ya chini huzunguka dunia kwa dakika 90 hivi, lakini juu ya kituo kimoja hukaa dakika kama kumi. Katika dakika hizo ishushe data yake na ipokee amri. Ikikosa, isubiri zamu nyingine. Zinazozunguka karibu na ikweta hupita juu yetu karibu kila mzunguko. Ndiyo maana setilaiti ya Swift ya Marekani hushusha data yake Malindi, Wazungu wa shirika la anga la Ulaya hufuatilia roketi zao kutoka hapa, na Wachina nao wamefuatilia hapa vyombo vyao vya Shenzhou, vinavyobeba wanaanga.

Hapo ndipo penye hatari. Dishi halibagui data ya mwanasayansi na data ya jenerali. Masafa ya redio yanaweza kuwa yale yale. Mwaka 2020 kampuni ya anga ya serikali ya Uswidi ilitangaza kwamba haitaongeza mikataba yake na China, na sababu iliyotolewa ilikuwa siasa za dunia, wala si ubovu wa mitambo. Mwaka 2022 Urusi iliondoa watu wake wa roketi za Soyuz kule Kourou, kituo cha roketi cha Ulaya katika Guyana ya Ufaransa. Pwani hii nayo ina kumbukumbu yake: Novemba 1977 Wasovieti walifukuzwa Somalia wakaiacha bandari ya Berbera, na kufikia 1980 Wamarekani walikuwa wameruhusiwa kuitumia.

Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya wa kituo hiki mwaka 2016. Wabunge wa Kilifi waulize mambo ya kazi: mtu wa tatu akitaka kukodi dishi, kibali kinatoka kwa nani? Je, kuna fundi Mkenya ndani ya chumba cha mitambo, mwenye ruhusa ya kuona ratiba yote? Kila setilaiti inapopita iandikwe daftarini saa, jina, masafa ya redio na mwenye data. Na taifa moja likitakiwa kuondoka katikati ya mkataba, mishahara ya vijana wa Ngomeni italipwa na nani? Shirika letu la anga za juu liliwekwa chini ya Wizara ya Ulinzi lilipoundwa 2017, jambo ambalo mimi naliona kasoro, maana ni vigumu kumwambia mgeni atenganishe jeshi na utafiti ilhali sisi wenyewe hatujatenganisha.

Daftari hilo lipelekwe kwa kamati ya bunge kila miezi mitatu. Si siri ya nchi yoyote. Setilaiti nyingi zinaonekana na yeyote mwenye darubini na jedwali la mizunguko.

Msomaji wenu,
Malindi