Barua ya wazi kwa Spika: waache wabunge wa CCM washike shilingi

Mheshimiwa Spika Job Ndugai,

Shikamoo, na hongera kwa kuchaguliwa tena kukalia kiti hicho. Nakuandikia Novemba hii ya 2020, wino wa kura haujatoka vizuri kwenye ukucha wangu. Oktoba 28 nilipanga foleni tangu alfajiri, na kura ya ubunge nilimpa mgombea wa CCM. Sijutii. Alikuja kijijini kwetu, akaliona tangi la maji lililojengwa likaachwa kavu, akagusa bomba kwa mkono wake, akasema hilo ataanza nalo.

Lakini matokeo ya nchi nzima yalipokamilika, nilipata hofu ambayo sikuitegemea. Majimbo 264, CCM imechukua 256. ACT-Wazalendo manne, CUF matatu, Chadema moja. Baadhi ya hao wa CCM walipita bila kupingwa, Waziri Mkuu mwenyewe akiwa mmojawapo kule Ruangwa. Wapinzani wameyakataa matokeo, na kwa upande wa ubunge Mahakama Kuu ndiyo yenye kazi ya kuwasikiliza. Mimi nina neno na wewe kuhusu miaka mitano inayokuja.

Kanuni zinataka upinzani ufikishe asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo iwepo Kambi Rasmi ya Upinzani. Hata ukiwajumlisha na viti maalumu, hawafiki. Kwa hiyo hakuna waziri kivuli atakayesimama baada ya waziri kusoma bajeti, akaisoma ya kwake akionyesha fedha zilikopotelea. Waziri akimaliza, ni makofi. Na Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, inaandika hivyohivyo, kwenye mabano: (Makofi).

Nani atahoji, Mheshimiwa?

Novemba 2014 nilikuwa kwenye kibanda cha fundi cherehani, hapa stendi yetu. Alikuwa na redio ya betri aliyoifunga kwa mpira. Siku ile ya mjadala wa Tegeta Escrow watu walijaa hadi barazani, na fundi aliacha kukanyaga cherehani, suruali ya mteja imebaki chini ya sindano. Zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetolewa kwenye akaunti iliyokuwa Benki Kuu. Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali alikuwa Zitto Kabwe wa upinzani, makamu wake Deo Filikunjombe, mbunge wa CCM kutoka Ludewa, Mungu amrehemu. Walisimama upande mmoja. Ukifunga macho ukawasikiliza, usingejua nani ni wa chama gani. Desemba haijaisha, Mwanasheria Mkuu alikuwa amejiuzulu na waziri mmoja amefukuzwa kazi. Wewe ulikuwa Naibu Spika, uliyaona kwa karibu kuliko sisi wa redioni.

Na kabla ya hapo, Februari 2008, ulikuwa mbunge ndani ya ukumbi huohuo iliposomwa ripoti ya Richmond, kampuni iliyopewa kwa utata mkataba wa umeme wa dharura. Spika alikuwa Samuel Sitta, wa CCM. Kamati teule iliongozwa na Harrison Mwakyembe, wa CCM. Waziri Mkuu aliyeondoka, Edward Lowassa, wa CCM. Serikali haikuanguka na chama hakikufa. Miaka miwili baadaye kilishinda tena uchaguzi.

Ndiyo maana siamini kwamba Bunge la chama kimoja karibu kizima lazima liwe bubu. Linategemea anayeshika kengele. Mbunge wa CCM akisema anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anakataa kuipitisha bajeti yake, mpaka apate maelezo ya kueleweka, usimharakishe aiachie. Asiitwe pembeni akaulizwa yuko upande gani. Yuko upande wetu, tumemtuma.

Nina mambo mawili zaidi, na nitayasema kwa uchungu kwa sababu nayaonea uchungu. Aprili 2019 Bunge lako liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), kwa kuwa alitumia neno udhaifu kulihusu Bunge. Liliniumiza lile. Ripoti ya CAG ndiyo macho yetu sisi tusioweza kufungua faili la halmashauri. Ikifika mezani kwako Aprili ijayo, ipe siku za kutosha, iwe chungu kiasi gani.

La pili ni matangazo. Tangu mijadala ilipoacha kurushwa moja kwa moja Januari 2016, tunaletewa vipande vilivyochaguliwa. Tulielezwa kuwa ni gharama. Wakati ule kulikuwa na wapinzani wengi ukumbini, na wapo walioamini kwamba ndio waliokuwa wanafichwa. Sasa hawapo. Aliyebaki kusikika ni mbunge wangu, niliyempigia kura mwenyewe, na bado sitamsikia.

Mwezi Mei bajeti ya Wizara ya Maji itasomwa. Nataka kusikia kama atalitaja tangi letu, na waziri atajibu nini kuhusu mkandarasi aliyelipwa akaondoka. Kwa sasa ndoo tunanunua kwa mwenye mkokoteni shilingi 500, na kiangazi hupanda. Fundi bado yupo stendi, na redio yake bado anayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga kura, mkoa wa Singida