Barua kwa vijana wetu watangazaji wa mpira

Wanangu mlioshika maikrofoni,

Salaam. Nawasikiliza kila wikendi, na wajukuu wamechoka na manung'uniko yangu mbele ya televisheni. Sauti mnazo, na habari za wachezaji mnazo nyingi kuliko walizokuwa nazo waliowatangulia. Ila mara nyingi mpira unavuka mstari wa katikati, unapigwa krosi, unaokolewa, na mtangazaji bado anatusimulia uhamisho wa winga msimu uliopita.

Mchukueni mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 7, 2025 akiwa na miaka 84. Mzaliwa wa Mombasa, mtoto wa James Mbotela aliyeandika habari za watumwa walioachwa huru, aliingia Sauti ya Kenya, kituo cha utangazaji cha taifa, mwaka 1964. Wengi wenu mnamjua kwa kauli moja, "Kadenge na mpira", aliyoisema akimtangaza mchezaji nyota wa Kenya Joe Kadenge, na mnaitumia kwa mzaha. Hebu itazameni. Jina, kisha mpira, basi. Mzee aliyekuwa kijijini, betri za redio kazianika juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo, alijua papo hapo nani anakwenda na kitu gani. Kelele za jukwaani zikamweleza yaliyobaki. Mbotela hakumpamba Joe Kadenge kwa sifa, alimpisha acheze.

Kwenye televisheni kazi inageuka. Macho tunayo, kona tumeiona kuwa ni kona. Tuambieni ambacho kamera haikukionyesha: nani anapasha misuli nyuma ya benchi, kocha anabishania nini na mwamuzi wa akiba, beki gani anashikashika paja tangu dakika ya kumi. Zaidi ya hapo nyamazeni. Najua kimya hewani kinatisha, lakini sisi nyumbani hakitusumbui hata kidogo.

Kuchekesha pia kuna adabu zake, na hapo Mbotela alikuwa fundi. Kipindi chake cha redio, "Je, Huu ni Ungwana?", kilianza mwaka 1966 kikadumu zaidi ya nusu karne. Alieleza vituko vyetu vya kila siku, akauliza swali lake, kila mmoja akajicheka mwenyewe bila jirani kutajwa jina. Sasa pimeni na kejeli mnazommwagia kipa wa miaka kumi na tisa aliyeponyokwa na mpira. Mama yake yuko sebuleni anawasikiliza.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga walipotaka kuipindua serikali ya Rais Moi, walikwenda kumtoa Mbotela nyumbani kwake, wakampeleka studio na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imeangushwa. Fikirieni. Bunduki walikuwa nazo, kituo walikuwa wamekishika, mitambo ilikuwa mikononi mwao. Walichokosa ni sauti ambayo wananchi wangeisikia na kuamini, na sauti hiyo ilikuwa ya mtu wa mpira na vichekesho. Askari watiifu walipokikomboa kituo siku hiyo hiyo, ni yeye tena aliyetangaza kuwa serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ipo.

Nyinyi hamtagongewa mlango na askari, Mungu awaepushe. Watakuja watu wenye bahasha. Kampuni ya kamari itataka useme timu fulani haishindwi leo. Mwanasiasa atataka jina lake litajwe katikati ya mechi. Wakala atataka mchezaji wake asifiwe hata akitembea uwanjani. Anayewalipa hanunui koo lenu, makoo yamejaa mjini; ananunua imani ya yule anayewasikiliza, na mkishaiuza hakuna atakayewarudishia. Tangazo lisomwe kama tangazo. Mchezo usemwe kama ulivyo, hata timu yako ikifungwa.

Gor Mahia na AFC Leopards wakikutana tena, fikeni uwanjani mapema. Shukeni mkawaulize wachezaji wenyewe majina yao yanatamkwaje, maana nimechoka kusikia majina ya wazazi wa watu yakivunjwavunjwa. Andikeni namba za jezi kwenye karatasi, msitegemee simu itakayozimika kipindi cha pili. Na bao likiingia, tajeni aliyefunga na aliyempa pasi, kisha waachieni mashabiki wapige kelele.

Wenu katika mpira,
Mzee wenu wa Mombasa