Nyota ndiyo iliyokuponza

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umelalamika kuwa grep, ile programu ya kutafuta maneno ndani ya faili, haikulipata neno bei_jumla kwenye mradi wako. Amri yako nimeiona:

grep -r "bei_jumla" *.php

Grep usiilaumu. Kabla haijaanza kazi, sheli (programu inayopokea amri unazoandika) huifungua ile nyota, yaani alama ya *, na kuweka mahali pake majina ya faili za .php zilizomo kwenye folda uliyopo, basi. Nayo -r huzamia folda zilizotajwa tu, na hapo hukutaja hata moja. Ikasoma faili mbili tatu za juu, ikanyamaza, nawe ukaamini neno halipo. Afadhali pale juu kusingekuwa na .php yoyote: ungepata ujumbe wa kosa, ukashtuka mapema.

Andika hivi:

grep -rn --include='*.php' 'bei_jumla' .

Nukta ya mwisho ni folda uliyomo. Nayo -n hutoa namba ya mstari. Zile alama za nukuu kwenye '*.php' usiziache, maana ndizo zinazoizuia sheli isiiguse nyota. Ukiongeza -w, bei_jumla_kuu haitakusumbua tena. Ukitaka majina ya faili tu, -l.

Kama mradi una node_modules (folda ya vifurushi vya JavaScript), weka na --exclude-dir=node_modules, la sivyo utamwagiwa mistari ya JavaScript iliyobanwa, mmoja unajaza skrini nzima.

Kuhusu zile anwani za IP (namba za kompyuta kwenye mtandao) ulizokuwa ukitafuta: nukta kwa grep ni herufi yoyote ile. Ukitafuta 192.168.1.1 utaletewa hata 192.168.101.7, kwa kuwa sifuri imekaa penye nukta. Tumia -F isomwe kama ilivyoandikwa, na -w ili 192.168.1.15 nayo ibaki nje:

grep -rnFw '192.168.1.1' .

Faili iliyohifadhiwa kwa UTF-16, mtindo wa kuandika kila herufi ya kawaida kwa baiti mbili, ni kisa kingine. Neno unaliona kwa macho kwenye kihariri, grep hailioni, kwani kila herufi ya kawaida ina baiti ya sifuri ubavuni. Igeuze kwanza:

iconv -f UTF-16 -t UTF-8 ripoti.txt | grep -n 'jumla'

Kwenye Windows mambo yamegeuka, huko nyota inafunguliwa na programu yenyewe, kwa hiyo amri hii ya findstr, mwenzake grep wa huko, inashuka hadi chini bila shida:

findstr /s /n /i /c:"jumla kuu" *.php

Ila /c: usiisahau. Bila hiyo, nafasi katikati ya maneno inamaanisha "au", na utapata kila mstari wenye "jumla" au "kuu".

Ikigoma tena, nitumie amri nzima na nukuu zake zote.

Wako