Tumtaje Marie Tharp tunapofundisha Bonde la Ufa

Mhariri,

Naomba walimu wenzangu wa jiografia wasimsahau Marie Tharp, mwanajiolojia wa Marekani (1920–2006). Enzi zake wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti. Wanaume walikwenda kupima kina cha bahari. Yeye alibaki mezani na kalamu ya wino, akigeuza vipimo vyao kuwa michoro. Hapo ndipo alipouona ufa katikati ya milima iliyozama chini ya Atlantiki. Mwenzake, Bruce Heezen, aliupuuza: maneno ya wasichana! Tharp akachora upya, ufa ukabaki palepale, unafanana kabisa na huu wetu wa Afrika Mashariki. Ramani yao ya sakafu ya bahari zote ilitoka 1977. Nimeibandika darasani, wanafunzi huufuata ufa kwa kidole mpaka Ghuba ya Aden.

Mwalimu wa jiografia,
Nakuru