Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hesabu Zetu Zitangulie Bajeti

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imetumia nguvu zake nyingi kutetea fungu la maktaba. Tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, maktaba za umma nchini Uganda ziko mikononi mwa wilaya na miji, na wilayani fungu letu hukaa katika idara ya huduma za jamii, likigombea fedha zilezile na miradi ya vijana, wanawake na wazee. Sisi hufika hapo tumechelewa, tena mikono mitupu.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini Bunge hupitisha bajeti kufikia 31 Mei, na mgawanyo wenyewe hujadiliwa miezi mingi kabla, kwenye mikutano ya bajeti ya wilaya. Ombi linaloandikwa Aprili halina tena pa kuingia.

Kuhusu mikono mitupu: wengi wetu hupeleka idadi ya vitabu vilivyoazimwa tu. Takwimu hiyo inatuumiza sana. Wasomaji wetu wengi hawaazimi. Mwanafunzi huketi na kitabu cha biolojia saa mbili, ananakili, anakiacha mezani, na daftari la kuazima halina habari naye.

Kwa hiyo tunaomba kila maktaba ihesabu matumizi ya ndani. Bandikeni tangazo kila meza: "Usirudishe kitabu rafuni." Saa sita mchana, saa tisa na wakati wa kufunga, kusanyeni vilivyoachwa na mpige kistari kimoja kwa kila kitabu, chini ya namba ya mada yake katika Dewey, mfumo wa namba wa kupanga vitabu kwa mada, ndipo virudi rafuni. Kitabu kilichosomwa na watano kitahesabiwa mara moja, basi elezeni kwamba hicho ni kiwango cha chini.

Wenye Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, wapitishe kitabu kwenye ukurasa wa kurudishia. Kwanza hakikisheni mpangilio wa RecordLocalUseOnReturn, unaorekodi matumizi ya ndani, umewashwa. Kwa kawaida huwa umezimwa, na kazi ya wiki nzima hupotea bila mfumo kulalamika.

Chagueni wiki moja ya kawaida katika kila muhula. Wiki ya mitihani hufurisha idadi, na diwani anayepita hapo kila siku atajua. Kutokana na wiki hizo kadirieni matumizi ya ndani ya mwaka mzima, kisha gawanyeni gharama za mwaka kwa matumizi yote, ya ndani na ya kuazima. Kwa mfano, shilingi 12,000,000 kwa matumizi 24,000 ni shilingi 500 kwa kila tumizi. Ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo unatosha diwani.

Afisa elimu apelekewe jambo jingine: mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unamtaka mwanafunzi afanye miradi na kutafuta maarifa mwenyewe. Shule nyingi hazina vitabu vya kutosha kwa hilo. Mwonyesheni vistari vya namba 500 na 600 za Dewey, yaani sayansi na teknolojia.

Karatasi za kuhesabia ziko kwa katibu. Zilizojazwa zimfikie kabla ya 30 Septemba.