Mkungu wa kona yetu umekatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Miezi michache iliyopita, nikiwa katika matembezi yangu ya jioni hapa Chumbageni, Tanga, nilifika kona ya pili kutoka nyumbani kwangu nikakuta kisiki. Mti wa mkungu uliokuwa pale umekatwa usawa wa goti, na magogo yake yamepangwa kando ya ukuta yakisubiri watu wa mkaa. Nilisimama pale muda mrefu, hata kijana mmoja akashuka kwenye baiskeli yake. "Shikamoo bibi, kwema?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia kwema. Haikuwa kweli.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilipostaafu, miaka sita sasa, daktari aliniambia presha yangu inataka miguu itembee, nusu saa kila siku. Mwanzo nilitembea kama mtu anayekunywa dawa chungu, kichwa chini, macho kwenye saa ya mkononi. Mkungu ule ndio ulioniinua macho. Jioni moja nilikuta majani yake mapana yamegeuka rangi, mengine mekundu kama kisutu, mengine kama bati lenye kutu, na jua la magharibi limepenya katikati yake. Baada ya siku chache yote yalikuwa chini, watoto wa shule wanayapiga mateke. Haikupita muda matawi yakavaa majani mapya, laini, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Tangu siku zile nusu saa yangu ikawa saa nzima, na saa ya mkononi naiacha kwenye kabati.

Wapo wanaosema huku kwetu pwani hakuna majira, ni joto mwaka mzima na mvua ikijisikia. Wengi wao hupita mitaani juu ya bodaboda. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi, naye aliuhesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na kwa hesabu hiyo alijua lini kusi litakaza na lini bahari italala. Hesabu yake sikuishika. Alipokuwa akiitaja nilikuwa mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza. Basi nimejiundia hesabu yangu kwa yale yanayoning'inia juu ya nyua za watu.

Inaanzia hapo hapo kwenye Nairuzi, mwezi wa saba. Kusi linavuma, asubuhi ina ubaridi wa kutafuta mtandio mzito, na miembe inachanua. Ua la mwembe si la kutazamwa kwa mbali, ni vishada vya rangi ya majani makavu tu. Lakini nenda Raskazone, kwenye zile nyumba za zamani zenye viwanja vipana, upite chini ya mwembe saa moja asubuhi. Utasikia harufu kama ya asali iliyoanza kuchacha, na juu ya kichwa chako nyuki wanavuma kwa pamoja kama watoto wanaodurusu Kurani chuoni. Mara ya kwanza kuwasikia nilitafuta chuo kilipo.

Vuli ikikaribia, mikrismasi inawaka. Kuna mmoja umeinamia barabara huko Ngamiani, kwenye barabara za namba, nao ukichanua huoni jani, ni wekundu mtupu, na chini yake fundi baiskeli hufanya kazi yake petali zikimwangukia begani. Asili ya mti huu ni Madagaska, lakini watoto wa Ngamiani wanautumia kama wa babu zao: maganda yake makavu, marefu kama ala za panga, wanayatikisa wakiimba, yanalia kama kayamba. Wakati huo huo zambarau zinaiva. Unazijua kwa barabara kabla hujainua macho, maana lami yote imetapakaa madoa ya urujuani, na kila mtoto unayekutana naye ulimi wake umekuwa kama wa mtu aliyekunywa wino. Mjukuu wangu hunionyesha wake kila tukitoka pamoja, na mimi humwonyesha wangu.

Kisha wanafika kereng'ende. Wanakuja wengi mno mvua za vuli zikianza na upepo ukigeukia kaskazini, wananing'inia hewani juu ya viwanja vya mpira na kwenye nyaya za umeme. Zamani niliwadhania wametoka madimbwini hapa hapa. Sasa nimesoma kwamba watafiti wanaamini wengi wao wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India, wakipitia visiwa vya Maldivi, kwa upepo ule ule wa kaskazi uliokuwa ukileta majahazi. Mdudu mwepesi kuliko jani la mlonge! Tangu nilisome jambo hilo siwezi kupita chini yao bila kusimama.

Na ninyi wa Tanga, tazameni mkonge ulio kando ya nyumba, siyo ule wa mashambani tu. Mwaka juzi mmoja, uliosahauliwa nyuma ya ukuta wa mtu, ulianza kutoa mlingoti. Niliufuata wiki kwa wiki. Ulipanda kama unavutwa na kamba, ukaupita ukuta, ukalipita paa, ndipo ukafungua matawi yake ya maua na ndege chozi wakaja. Mkonge huchanua mara moja tu katika uhai wake, ukimaliza unakufa. Ule ulipoanza kukauka uliachia vichipukizi vingi vidogo, nami nikaviona vimeanguka mtaroni na kukumbuka habari tuliyosimuliwa shuleni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na mkonge wote wa mkoa huu ukaanzia hapo. Miaka yote nilikuwa nikiitaja habari hiyo kama jibu la mtihani. Sikuwahi kukishika kichipukizi chenyewe mkononi.

Masika sina mengi ya kusema, kwani mitaro yetu inafurika na natembea kwa kuruka. Lakini hata hapo kuna jongoo wanaovuka njia bila haraka, kuna kumbikumbi chini ya taa, na mnana wanaochana makuti ya minazi kujengea viota. Mfungo wa Ramadhani, ambao kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja, unapita humo mote; nimefuturu miaka ya embe na nimefuturu miaka ya jongoo. Na harufu ya asumini kutoka kwenye nyua baada ya magharibi hiyo haina haja ya kuelezwa kwa msomaji wa pwani.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kila mwaka ninapotembea, naona ukuta zaidi na miti pungufu. Nyua za minyaa na mabogenvilia zinang'olewa, unapandishwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, na mti uliokuwa unaegemea njia unakatwa kwa sababu unampa mwizi ngazi. Hata sisi watembeaji tumekuwa wa kutiliwa shaka. Mwezi uliopita mlinzi mmoja aliniuliza, kwa adabu, "Bibi, wamtafuta nani?" Nikamwambia natazama mstafeli wenu. Akageuka akautazama na yeye, akasema hakujua kuwa umezaa. Tukahesabu pamoja, yalikuwa manne.

Nilibisha hodi kwa mwenye ule mkungu, si kwa ugomvi. Alinikaribisha vizuri. Alisema majani yalimchosha kufagia, mizizi imepasua baraza, na usiku popo walikuja kula matunda yake, kungu, na kuzidondosha juu ya bati watoto wasilale. Hayo yote ni kweli, mimi sifagii kwake. Lakini asubuhi kungu zile zile, zimetafunwa upande mmoja, ndizo watoto wa mtaa mzima walizokuwa wakizipasua kwa mawe kutafuta kiini. Yeye alipata taabu ya mti peke yake na sisi wengine tukapata raha yake bure, wala hakuna aliyewahi kumpelekea hata ufagio. Hilo ni kosa letu majirani, nami nimo.

Kwa hiyo ombi langu, kupitia gazeti lako, ni kwa pande zote mbili. Wenye nyumba, kabla ya shoka jaribuni kupogoa; na mkijenga ukuta, acheni walau tawi moja au ua la bogenvilia litokeze upande wa barabara. Sisi tunaopita, tuchukue zamu ya kufagia penye mti unaotupa kivuli. Nimeanza na mwembe wa jirani yangu wa kushoto, kila Jumamosi asubuhi, naye amezoea kunitolea kiti na kikombe cha chai ya tangawizi nikimaliza.

Nimeokota kungu chini ya kile kisiki kabla hawajasomba magogo. Nne zimeota, zipo kwenye makopo ya rangi barazani kwangu, na mbili tayari zina majani matatu. Mwenye nafasi nje ya ukuta wake, hasa pale konani au jirani yake, aniletee habari kwa balozi wa mtaa. Nitauleta mche mwenyewe, na maji ya miezi ya mwanzo nitamwagilia mimi, maana jioni napita hapo hata hivyo.

Muuguzi mstaafu,
Chumbageni, Tanga.